Siku ya Ziwa shuleni: anza na samaki, takataka zije baadaye

Agosti mwaka jana nilibandika tangazo kwenye ubao wa shule: Siku ya Maziwa Duniani, tarehe 27. Kabla ya mapumziko, mtoto wa gredi ya nne alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa na kikombe mkononi.

"Tisha, maziwa yenyewe yataletwa saa ngapi?"

Nyanya yake alikuwa amemsimulia maziwa ya Nyayo, yale yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, naye akaona sasa yamerudi. Nilimshika mkono tukaenda mferejini, nikamjazia kikombe maji. Maji ya mfereji hapa Kisumu hutoka Ziwa Viktoria, kwenye mtambo wa Dunga, na mengine hutoka mto Kibos. Nikamwuliza asubuhi alikunywa nini. Chai. Na chai ilipikwa na nini? Akayatazama maji kikombeni, kisha akatazama upande wa ziwa, ambalo kutoka uwanja wetu huonekana kama mstari mweupe nyuma ya mabati. Somo la wiki hiyo lilianzia hapo. Siku hizi tangazo langu husema "Siku ya Ziwa", na wewe mwalimu mwenzangu nakushauri uandike hivyo hivyo.

Siku yenyewe ni changa. Umoja wa Mataifa uliitangaza Desemba 2024, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2025. Tarehe 27 Agosti ilichukuliwa kwa sababu siku hiyo mwaka 1984 ndipo ulipofunguliwa mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu maziwa, huko Shiga, Japani. Kwetu imeangukia mahali pazuri: muhula wa tatu huwa umefunguliwa, na uvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ambao hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai, unakuwa umeanza tena. Mashua ziko kazini. Lakini huhitaji kungoja Agosti. Mimi nilianza 2014 kwa kutumia tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu, na kazi nyingi nitakazoeleza hapa zinahitaji muhula mzima.

Mwaka ule wa 2014, katika shule niliyokuwa nikifundisha, tuliwapeleka watoto 80 ufukweni kuokota takataka. Wageni walichelewa. Hotuba zikaendelea juani kwa saa mbili, kisha watoto wakagawiwa magunia, tukapiga picha, tukarudi. Kesho yake niliwaambia wachore walichokiona. Karibu wote walichora chupa, ndara zilizokatika na nepi. Hapakuwa na samaki hata mmoja kwenye karatasi zile, wala ndege, wala mvuvi. Msichana mmoja aliandika chini ya picha yake: "Ziwa ni chafu sitaki kurudi." Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, ndani ya jalada la klabu yetu ya kilimo, 4K, na ndiyo iliyonibadilisha. Mtoto anayekutana na ziwa kwa mara ya kwanza kupitia gunia la taka atalijua kama jalala. Mpe kwanza ziwa lenyewe.

Wiki nne za samaki

Anza nyumbani kwa mtoto, kwa swali moja la kumpelekea babu, nyanya au jirani mzee yeyote: ni samaki gani mliokuwa mkila zamani ambao siku hizi hamuwaoni? Mtoto aandike jina kama alivyolisikia, kwa Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili, na aandike pia walivyokuwa wakipikwa. Hilo la upishi usilisahau. Wazee wakianza kueleza mchuzi hukumbuka na mengine.

Majibu yatakuja yamejaa fulu, ningu na ngege. Kila jina lina habari ya kufundisha. Fulu ni wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina katika ziwa hili, na wengi wakatoweka baada ya mbuta, yaani sangara, kuletwa miaka ya 1950. Ningu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, kwa hiyo aliyeziba mto kwa nyavu, au aliyeujaza tope, alimfungia mlango. Na ngege (tilapia) wa asili si yule anayeuzwa sana sokoni leo. Huyu wa sasa aliletwa, na siku hizi wengi hufugwa katika vizimba. Ngege wa asili angali anaishi katika ziwa dogo la Kanyaboli, kule Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala. Nilipowaambia watoto kwamba samaki wa nyanya zao amejificha Kanyaboli, darasa zima lilinyamaza. Kisha swali likaja: "Tisha, nani anamlinda?" Hilo ndilo swali unalotaka liulizwe nao, si na wewe.

Wiki moja ya hizo nne wapeleke sokoni, si ziwani. Kikundi cha watoto kumi kinatosha. Wahesabu: mbuta mzima bei gani, mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyotolewa minofu, bei gani, gorogoro (kopo la kupimia) la omena bei gani. Watauliza kwa nini minofu ya mbuta inakwenda viwandani na ng'ambo huku majirani zao wakinunua mifupa. Usilikwepe swali hilo. Mtoto wa gredi ya sita ana uwezo wa kulifikiria, na mama muuza samaki atamjibu vizuri kuliko kitabu chochote. Muage mama huyo kwa heshima, umwambie utamletea matokeo ya hesabu za watoto, na kweli umletee.

Fuata mtaro

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu hata shilingi. Wasimamishe watoto mferejini pale wanaponawa mikono baada ya chakula cha mchana, waambie: maji haya yanakwenda wapi? Kisha myafuate. Polepole, kwa mistari miwili, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mtoto akiwa na penseli na karatasi ya kuchora ramani.

Sisi tunapita nyuma ya jikoni, tunatoka lango dogo, tunafuata mtaro kando ya vibanda hadi unapoingia mto Auji, ule upitao Manyatta na Nyalenda kwenda ziwani. Mara ya kwanza tulikwenda tukidhani tutawakuta wachafuzi huko mbele. Mita 30 kutoka langoni watoto wakasimama. Wavu mkuukuu wa waya uliokuwa umekwama mtaroni ulikuwa umejaa karatasi za peremende, mirija na vifuko vidogo vya njugu, vile vile vinavyouzwa langoni kwetu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Baada ya matembezi hayo tulitengeneza wavu wetu wenyewe: fremu ya mbao, wavu wa waya wa banda la kuku, bawaba mbili ili ufunguke mvua kubwa ikinyesha na mtaro usifurike. Umewekwa pale mtaro unapotoka shuleni. Kila Ijumaa watoto wanne, wakiwa na glavu na koleo, hutoa kilichonaswa, hukianika, hukipanga kwa mafungu na kukipima kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa muuza nyama. Namba zinaandikwa kwenye daftari moja tu, gumu, lenye jalada jeusi. Mwalimu wa hisabati huzichukua kwa grafu. Takataka zimeingia sasa, unaona, lakini zimeingia kama jambo la shule yetu lenye kipimo, na mtoto anaweza kuona zikipungua.

Zilipungua kweli, na sababu kubwa ilikuwa mama wa njugu. Wasichana wawili walimwendea na daftari, wakamwonyesha fungu la vifuko. Walimwita "Mama" na wakazungumza naye wakiwa wamechuchumaa karibu na sinia lake, jambo ambalo sikuwafundisha. Akarudi kwenye koni za magazeti alizokuwa akitumia zamani. Ukienda wewe mwalimu na sauti ya amri, mambo huharibika. Hata sheria ina mwanya wake: marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017 na mifuko ya kubebea ikapotea, lakini vipakio vidogo vya peremende na biskuti vimebaki.

Chupa mbili dirishani

Watoto wengi hufikiri uchafu ni kile kinachoonekana. Ili waelewe kwa nini maji ya ghuba yetu ya Winam hugeuka kijani kama rangi, chukua chupa mbili safi za plastiki zinazoonyesha ndani, zijaze maji ya ziwa kutoka ndoo moja. Katika moja weka chembe chache za mbolea ya DAP, nyingine iache ilivyo. Zifunike bila kukaza, ziweke dirishani penye mwanga, ziandike tarehe. Baada ya wiki mbili au tatu ile ya mbolea itakuwa imeota mwani mzito, nyingine itakuwa nyuma sana. Wasionje, wasiinuse kwa karibu, wala wasitie mikono, maana mwani wa aina fulani hutoa sumu. Ukimaliza mwage kwenye shimo la mboji, kamwe si mtaroni.

Hapo waeleze kwamba mbolea ya shambani, maji ya vyoo na udongo unaoletwa na mito kama Nyando na Sondu hufanya vivyo hivyo ziwani, na ndicho kinacholisha magugu maji pia. Mwalimu wa Kericho au Nandi anayesema ziwa liko mbali naye ajaribu chupa hizi kwa maji ya kijito cha kwao. Kijito hicho kinakuja kwetu.

Kisahani

Kupima uangavu wa maji ni kazi ya kisayansi ambayo mtoto anaweza kuifanya barabara. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, alianza kutumia kisahani cha namna hii baharini mwaka 1865, na watafiti wanakitumia hadi leo. Utakitengeneza hivi: kata duara la upana wa sentimita 20 kutoka kifuniko kigumu cha ndoo ya rangi. Ligawe robo nne, paka robo mbili zinazokabiliana rangi nyeusi na mbili nyeupe. Toboa katikati, pitisha kamba isiyovutika, funga jiwe au nati nzito chini yake ili kishuke kikiwa kimelala sawa. Kwenye kamba funga fundo kila sentimita 10, kuanzia kwenye uso wa kisahani.

Kishushwe polepole upande wa kivuli cha gati au mashua. Kinapopotea machoni, hesabu mafundo. Kishushe kidogo zaidi, kivute juu, na kinapoonekana tena hesabu upya. Kipimo ni wastani wa namba hizo mbili. Watoto wawili tofauti wapime, na wasiambiane walichopata mpaka wote wameandika. Katika ghuba yetu mara nyingi hupotea kabla ya mita 1. Andika pia saa, hali ya anga, na kama mvua ilinyesha usiku uliopita, kwa maana bila hayo namba ya mwaka huu haiwezi kulinganishwa na ya mwaka ujao. Pima mahali pale pale kila mara.

Siku ya kwenda

Chagua tarehe pamoja na wavuvi, usiwapelekee tarehe. Nenda ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wiki tatu kabla, ukiwa na barua ya mwalimu mkuu, ukae, unywe chai. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu mashua nyingi hazitoki, nawe utawaamsha watoto alfajiri waje kuona ufukwe mtupu. Mwaka huu wa 2026 mwezi mpevu ni tarehe 28 Agosti, siku moja tu baada ya Siku ya Ziwa. Kwa hiyo sisi tutafanya nyimbo na maonyesho shuleni tarehe 27, na safari ya ufukweni tutaisogeza hadi wiki ya pili ya Septemba, giza litakaporudi.

Fika saa moja asubuhi, ondoka saa nne. Asubuhi ziwa hutulia; mchana upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi hugonga gati. Watoto 30 wanatosha kwa safari moja. Mwalimu au mzazi mmoja kwa watoto sita.

Kuhusu usalama sina mzaha hata kidogo. Hakuna mtoto anayekanyaga maji. Kichocho huingia kupitia ngozi, kutokana na minyoo wanaotoka kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi, na mtoto hahisi kitu wakati wa kuingiwa. Maji ya kupima huchotwa na mtu mzima mwenye gambuti kwa kikombe kilichofungwa kwenye mti mrefu. Hakuna mtoto wa chini ya gredi ya saba anayepanda mashua, na anayepanda avae jaketi la kuelea linalomkaa sawasawa, hata kama mashua imefungwa. Viboko ni shauri la wavuvi: wakisema leo msikaribie mafunjo, hamkaribii, na hamuulizi mara ya pili. Ruhusa za wazazi, namba za simu, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa: haya unayajua.

Siku hiyo usiite mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima ni mvuvi. Tuna mzee mmoja pale Dunga ambaye kila mwaka huwakalisha watoto kwenye kivuli cha mashua iliyogeuzwa, awaulize kwanza majina ya samaki waliyoyaleta kwa nyanya zao. Mtoto husoma orodha yake, mzee anaongeza. Mwaka mmoja mvulana alisoma "kamongo" na mzee akamwambia, "Huyo mjukuu wangu usimcheze. Ana mapafu kama wewe. Maji yakikauka anajizika matopeni, anangoja mvua." Watoto walirudi nyumbani hawazungumzi kingine. Mpe mzee nusu saa nzima, usimkatize kwa ajili ya ratiba. Baada yake waende kwa akina mama wanaoanika omena, kisha ukingo wa kinamasi kusikiliza ndege wa mafunjo kwa dakika tano bila mtu kusema neno. Dakika tano ni ndefu kwa watoto 30. Wanaweza.

Tukirudi, tunasherehekea kwa vitendawili walivyotunga wenyewe. Huvutia kuliko hotuba, na kila mtoto hupata zamu. Hivi ni vyao: "Nasafiri mpaka Misri bila pasipoti." Maji ya ziwa, yanayotokea Jinja kuingia Nile. "Mgeni mwenye maua mazuri, amewafungia wenyeji njia." Gugu maji. "Ana mapafu na mapezi." Huyo umeshamjua. Wazazi wakialikwa wapewe nafasi ya kujibu, na asiyejua atoe mji kama kawaida.

Walimu wa Nakuru huniuliza kama haya yanawafaa. Ziwa Nakuru ni la magadi, kwa hiyo habari ya samaki na maji ya kunywa itabadilika, ila mtaro ni mtaro. Naivasha ni la maji baridi ingawa halina mto unaotoka juu ya ardhi, na hapo una mto Malewa wa kufuata na mashamba ya maua ya kuuliza maswali. Badala ya mbuta utaanza na kiboko au tai wa maji. Kila ziwa lina mnyama wake wa kufungulia mlango.

Usipande miti siku hiyo ukiwa huna mpango wa kuimwagilia likizoni. Panda mitano ambayo familia tano za karibu zimekubali kuitunza, uandike majina ya walinzi kwenye daftari.

Kinachobaki ni barua. Kabla ya mwezi kwisha, watoto wawaandikie wavuvi na mama wa sokoni walichopata: majina ya samaki, uzito wa takataka za wavu wetu, kipimo cha kisahani. Ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa mtoto, si wa mwalimu. Gredi ya sita ndiyo huipeleka, na lazima wabebe daftari lile jeusi, kwa sababu wakifika bandani wavuvi hawafungui bahasha kwanza. Wanauliza kisahani kimepotelea fundo la ngapi mwaka huu, na mwaka jana lilikuwa la ngapi.